Kilele cha Maji

Yasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba mji wa Sarhamu, wenye kuta nyeupe na milango saba na chemchemi moja tu, ulitawaliwa zama hizo na Sultani Mukhtari bin Ghanimu, mtu mpole na karimu, mwenye ila moja: kila aliyesema naye mwisho ndiye aliyesema kweli. Na kwa kuwa chemchemi ilikuwa moja, na mvua ya nchi ile hunyesha siku ikikumbuka, watu wote wa Sarhamu, kuanzia Sultani hadi mbuzi wa Sultani, waliishi kwa hisani ya jini aitwaye Harkushi, aliyekaa katika hodhi la mawe chini ya chemchemi ile.

Babu yake Sultani ndiye aliyeagana na jini huyo, na maagano yakachorwa ubavuni mwa pishi ya shaba: pishi ya ubani kwa pishi ya maji, chombo kimoja, ada moja. Basi kila mwaka, siku ya nne ya Mfunguo Mosi, Harkushi alitoka chini akapimiwa ubani wake mbele ya watu, na akiisha kuupokea huteka maji ya hodhi lake kwa pishi ile ile na kuyamimina katika kinywa cha chemchemi, na chemchemi ikabubujika mwaka mzima, watu wakanywa, wakaoga na wakamwagilia mitende.

Pishi ni vibaba vinne, hilo hata mtoto analijua. Lakini kuna pishi ya mfuto, inayopitishwa kijiti juu ya ukingo mpaka ikawa sawasawa, na kuna pishi ya tele, inayorundikwa hadi ikafanya kilele, na kwa ajili ya kilele hicho watu wametukaniana wazazi sokoni na ndugu wameacha kuzikana. Mpimaji wa Sarhamu kwa miaka arobaini alikuwa Mzee Farahani, naye alipima kwa mfuto, kwa tajiri na kwa maskini, na mkono wake haukujua kupendelea. Macho yake sasa yalikuwa yamefifia, na aliyesimama ubavuni pake ni binti yake Shufaa, ambaye humwambia, "Baba, imefika," naye huhakikisha ukingo kwa kidole, kisha hupitisha kijiti. Mama yake Shufaa alikuwa amefariki zamani, na katika dunia hii yote wawili hao hawakuwa na mtu ila wao wenyewe.

Ikawa mwaka huo Sultani amepata waziri mpya, jina lake Mansabu, mtu wa vilemba vikubwa na maneno makubwa zaidi, na siku ya kupima palikuwa na wajumbe wa nchi za mbali waliokuja kutazama ajabu. Mzee Farahani alipokwisha kujaza ubani na kuinua kijiti, Waziri Mansabu akaona haya mbele ya wageni, akamnyang'anya kijiti akakitupa, akasema, "Aibu gani hii! Mji wa Sarhamu unamfutia mgeni wake kama muuza mtama? Rundika, mzee, rundika!" Na yeye mwenyewe akachota ubani kwa viganja viwili akaumwaga juu ya pishi, ukafanya kilele kirefu, na wageni wakapiga makofi. Ni rahisi kuwa karimu kwa mali ya watu.

Harkushi, aliyekuwa amenyoosha mkono kupokea, aliurudisha. Alikitazama kile kilele kwa muda, na macho yake, yaliyokuwa mekundu kama makaa, yakazidi kuwa mekundu.

"Ewe Sultani Mukhtari," akasema, na kuta zikatetema, "miaka sabini nimepokea mfuto nikanyamaza, nikidhani ndiyo ada ya mji huu. Leo mmenionesha kwamba kuna zaidi, nanyi mlikuwa mkininyima. Basi tangu leo haki yangu ni tele, na tele yangu iwe tele ya kweli."

Akakigonga kile kilele kwa ukucha mmoja, kikaporomoka. Akavuta pumzi, na ubani ulioanguka ukaingia ndevuni mwake usionekane tena. "Bado," akasema. "Nawapeni siku saba. Nitakuja kila siku baada ya Alasiri, na siku ya saba, kama kilele hakijasimama, nitamchukua huyu mpimaji wenu wa mfuto, nishuke naye akanipimie mchanga wa chini ya ardhi mpaka uishe." Na mchanga wa chini ya ardhi, wasikilizaji wangu, hauishi. Kisha akakiziba kinywa cha chemchemi kwa jiwe, akatoweka.

Shufaa alimshika baba yake mkono akamwongoza nyumbani, na njiani machozi yakamtoka asiyaweze, na mzee akayasikia yakidondoka kwenye mkono wake.

"Futa machozi, mwanangu," akamwambia. "Mji hauna maji, nawe wayamwaga."

"Baba, wanichekesha wakati kama huu?"

"Sasa nikuchekeshe lini? Huko chini kutakuwa na mchanga tu."

Ikaanza kazi ya kurundika. Siku ya pili ubani wa bohari ya Sultani ulirundikwa, Harkushi akaugonga, ukaporomoka, akauvuta ndevuni, akasema, "Bado." Siku ya tatu ulikuja ubani wa wafanyabiashara, siku ya nne ubani wa misikitini, siku ya tano vifurushi vya ubani vilivyohifadhiwa na mabibi kwa ajili ya arusi za wajukuu wao, na vyote vilikwenda njia moja. Kwa maana mfuto una ukingo, na kila mwenye macho huuona, lakini tele haina mahali pa kukoma, na anayedai tele anaweza kudai mpaka Siku ya Kiyama. Mwana wa Sultani, Haidari, kijana mtaratibu asiyependa fahari, kila siku alipiga magoti mchangani kando ya Mzee Farahani, wakipapasa pamoja punje zilizosazwa na pumzi ya jini, hata magoti yake yakachubuka. Shufaa aliliona jambo hilo, akajifanya hakuliona, lakini aliliona.

Siku ya sita maji ya mitungi yalikuwa yamekwisha na watoto wanalamba umande wa asubuhi kwenye majani. Shufaa akavua vikuku vya mama yake akaenda navyo sokoni kutafuta ubani, hata wa kibaba kimoja. Hakuna aliyekuwa nao. Akafika duka la mwisho, la muuza mafuta, akamkuta Bi Kidawa amesimama pale na chupa yake. Na Bi Kidawa, kama hamumjui, ni yule mwanamke ambaye hajapata kununua kitu katika maisha yake bila kuomba nyongeza. Hata sanda ya mumewe aliomba aongezewe shubiri mbili.

"Nitilie kibaba cha mafuta ya nazi," akasema Bi Kidawa, "na kiwe tele. Usinifutie, nakujua wewe!"

"Bibi we," akajibu muuza mafuta, aliyekwisha kuchoka naye tangu ujana wake, "mchele nikurundikie, sawa. Kunde, sawa. Lakini mafuta umeyaona wapi yakisimama?"

"Tia, yatasimama."

"Haya." Akatia, kibaba kikajaa, akaongeza, mafuta yakateremka ubavuni, yakamwingia mkononi hadi kwenye kiwiko na yakadondokea ndala zake. "Yamesimama?"

"Hukutia vizuri," akasema Bi Kidawa.

Shufaa alisimama pale na vikuku mkononi, na kitu kikafunguka moyoni mwake kama dirisha. Akamshika Bi Kidawa akambusu mashavu yote mawili, akatoka mbio, na nyuma yake bibi akamwambia muuza mafuta, "Maskini, kiu imempanda kichwani."

Siku ya saba mji mzima ulikusanyika penye chemchemi kavu, na Mzee Farahani alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, ametulia, kama mtu aliyekwisha kuagana na watu. Pishi ya shaba iliwekwa katikati, tupu, kwa kuwa ubani wote wa Sarhamu ulikuwa ndevuni mwa jini. Harkushi akatoka chini kwa kishindo na moshi, akanyoosha mkono kwa mzee. Hapo Shufaa akapita mbele, akasimama baina yao.

"Binti wa mpimaji anena mbele ya masultani?" akafoka Waziri Mansabu. "Maulana, mwamuru arudi nyuma!"

Sultani akafungua kinywa aamuru, maana waziri ndiye aliyesema mwisho. Shufaa akawahi.

"Maulana, Mungu akupe umri. Sina ombi wala shitaka. Nataka Harkushi atusomee maneno yaliyo ubavuni mwa pishi, kisha amchukue baba yangu akipenda."

Sultani akatikisa kichwa kukubali, maana sasa huyu ndiye aliyesema mwisho. Na Harkushi, kwa kuwa majini hujivunia elimu yao, akaiinua pishi akasoma kwa sauti: "Pishi ya ubani kwa pishi ya maji, chombo kimoja, ada moja."

"Umesoma vyema, ewe mkaaji wa kina," akasema Shufaa. "Ada ikiwa mfuto, ni mfuto kwetu na kwako. Ukiigeuza ikawa tele, ni tele kwetu na kwako. Miaka sabini umetupimia maji bila kilele, na sisi hatukunung'unika. Leo tupimie kwanza pishi ya maji ya tele, yenye kilele kama ulichokitaka kwetu, nasi tutajua kilele kinavyosimamishwa."

Jini akacheka hata mitende ikaangusha tende. "Hilo tu? Mimi niliyezaliwa ndani ya maji?" Akaondoa jiwe kwenye kinywa cha chemchemi, akaishusha pishi katika hodhi lake, akaipandisha imejaa, na maji yalikuwa sawasawa na ukingo. Akaongeza, yakamwagika. Akaongeza polepole, tone kwa tone, akiwa ameng'ata ulimi kama mtunga shanga, na maji yakavimba juu ya ukingo kiasi cha unywele.

"Tazama! Kilele!"

"Kigonge kwa ukucha," akasema Shufaa, "kama ulivyogonga vya kwetu."

Akagonga, yakamwagika. Akakasirika. Akateka na kumwaga, akateka na kumwaga, na maji yote aliyoyamwaga yaliingia mferejini yakaenda mjini, na watu waliosimama upande wa chini wa mfereji wakaanza kupiga vigelegele na kukinga mitungi. Mara akatamka neno kubwa la kale, na maji yakasimama juu ya pishi kama mnara, marefu kuliko mtu, yaking'aa, na watu wakashika vichwa.

Shufaa akaukaza moyo. "Hilo lililosimama ni neno lako," akasema. "Sisi hatukuushika ubani kwa neno. Liondoe neno, tuyaone maji."

Jini akaliondoa neno lake, na mnara wote ukamwangukia Waziri Mansabu, kilemba kikaenda na mkondo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka jua likaelekea kutua. Mifereji ilijaa, bustani zikanywa, visima vilivyosahauliwa vikapanda, watoto wakaoga mara tatu. Na Harkushi akaketi ukingoni mwa hodhi, akitweta, akalitazama hodhi lake lililopungua, akahesabu moyoni akatambua kwamba katika alasiri moja amewapa watu wa Sarhamu maji ya miaka kumi, na kilele hajakipata.

"Nimepunjika," akasema, kwa sauti ndogo sana kwa jini.

"Umejipunja," akasema Mzee Farahani, aliyekuwa akimsikiliza kwa masikio yake ya mpimaji. "Nami nimeyaona hayo sokoni miaka arobaini. Tele humchosha mwenye kuidai kabla ya mwenye kuitoa. Njoo tupimiane, bwana, twende tukapumzike."

Harkushi akatikisa ndevu zake, na ubani wa mji mzima ukamiminika kama mvua ya mawe. Shufaa akaijaza pishi, akamwambia baba yake, "Baba, imefika," na mzee akapitisha kijiti. Kisha jini akapima maji yake, na hayakuhitaji kijiti, maana maji hujifuta yenyewe. Wakapokezana, na Harkushi akaapa kwa jina la Mola wake kwamba ada ni mfuto, kwake na kwa wajao baada yake, akashuka chini bila kishindo.

Sultani Mukhtari akalia kwa furaha, akamtaka Shufaa aombe chochote. Shufaa hakuomba kitu. Alimtazama Haidari, akamwona ameinama anamfunga mzee kamba za viatu. Haidari akainuka akamwambia, "Bibi Shufaa, mimi sina maneno ya baraza. Ukinikubali, baba yako atakuwa baba yangu, na mahari useme wewe."

"Pishi ya fedha," akajibu Shufaa, akiona haya hata shingoni. "Ya mfuto."

Wakaoana, wakaishi katika raha na mali, na Mzee Farahani akalea wajukuu. Na Waziri Mansabu hakukatwa kichwa, kwa sababu Shufaa alimwombea. Alihukumiwa tu kuwapimia wageni wa arusi mchele, kila nyumba ya Sarhamu pishi moja, kutoka bohari yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na bibi arusi aliagiza iwe pishi ya tele. Akarundika siku tatu mchana kutwa. Siku ya kwanza alilia. Siku ya tatu, mama mmoja mjane alipokinga upande wa kanga yake na kumwombea dua kwa moyo mweupe, Mansabu alisimama kidogo, akaitazama pishi, kisha akaongeza kiganja kimoja ambacho hakuna aliyemwamuru.

Basi aliye na masikio na ajue: ukidai, dai mfuto, ukitoa chako, toa tele. Nami nilichopewa kuwapimia nimekikung'uta chote, na pishi ni hii hapa, tupu.