Kibali cha Matanga

Vita vilipoingia mwezi wa nane, Kapteni Shekue, mkuu wa wilaya, alipiga marufuku watu zaidi ya wawili kukaa pamoja, isipokuwa msibani. Kutilia shaka habari za redio nako kukawa kifungo. Baraza zikabaki tupu, na birika la Bi Zamzam, muuza kahawa, likapoa.

Bi Zamzam akaenda kuomba kibali cha matanga. Kapteni akagonga muhuri bila hata kuinua macho.

Siku mbili mtaa mzima ulijaa mikekani, ukinywa kahawa na kuisema serikali mpaka sauti zikakauka. Siku ya tatu Kapteni akatokea na askari.

"Msiba gani huu wa kucheka? Kafa nani?"

"Jenerali wa maadui, mwanangu," akajibu Bi Zamzam. "Redio imetangaza."

"Yule hajafa! Jana tu katunyang'anya malori mawili!"

Koplo akatoa pingu, akasimama nazo akimtazama bosi wake.

Kapteni akavua kofia, akaketi mkekani, akapokea kikombe.

"Poleni na msiba," akasema. "Matanga yanaisha lini?"

"Haya yanaisha leo. Kesho tunaanza mengine. Redio imemuua mara tatu."