Marashi ya Sultani Yalivyofika Kisimani

Palikuwa na sultani mmoja, Mansabu bin Dai, aliyeamua kujenga choo cha milango arobaini. Alikuwa anamwoza mwanawe, na wageni kutoka miji saba wangepita njia ya kijiji kiitwacho Kisima Kimoja. Sultani hakutaka mgeni wake ajifiche kichakani kama sungura. Akatoa amri: choo kijengwe juu ya kilima, penye upepo mzuri, na wanaochimba wawe wanakijiji wenyewe. Chini ya kilima hicho, hatua ishirini tu, ndipo kilipokuwa kisima. Kimoja. Jina la kijiji halikuwa la mapambo.

Mlinzi wa kisima alikuwa mwanamke, Mashavu binti Feruzi. Kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi, kukemea wanaofulia karibu, na kuonja maji kila alfajiri kabla mtu yeyote hajateka. Alikuwa na watoto sita, wa mwisho anaota meno, kwa hiyo maneno matamu yalikuwa yamemwishia zamani. Aliposikia amri alimfunga mtoto mgongoni akaenda hadi barazani. Akamweleza Sultani kwamba ardhi ya pale ni kichanga, inavuja kama tenga, na kinachomwagwa juu ya kilima hunywewa chini. Watoto wa kijiji wataharisha mpaka waishe.

Sultani akamtazama kama anayetazama nzi kwenye pilau.

"Mimi nikikizika kitu," akasema, "hakitoki bila ruhusa yangu."

Mawaziri wakapiga makofi. Mashavu akarudi kisimani kufukuza mbuzi.

Choo kikachimbwa. Siku nne kabla ya wageni kufika, Sultani akafikiri kwamba haifai wakunje pua. Akapeleka mitungi arobaini ya marashi ya waridi imwagwe shimoni, mtungi kwa kila mlango. Na marashi hayo, mjue, katika nchi nzima yalikuwa yake peke yake. Mtu wa kawaida akikutwa ananukia waridi, alifungwa mwaka mzima bila kuulizwa.

Siku ya tatu, alfajiri, Mashavu akaonja maji. Akasita. Akaonja tena. Waridi.

Kufikia mchana uji ulinukia waridi, maharage yalinukia waridi, na mumewe alimzunguka mara mbili akimuuliza jana alikuwa wapi. Mashavu akamwambia anuse kwanza kwapa lake mwenyewe. Mzee Kihiyo, ambaye haogi ila kwa kulazimishwa, alifuatwa na nyuki hadi msikitini. Punda walinukia kama maharusi.

Siku ya nne Sultani akaja na wageni wake. Hata hajashuka vizuri kwenye farasi, pua ikamcheza. Akamnusa jumbe wa kijiji. Akamnusa mke wa jumbe. Akamnusa punda. Kisha akaamuru kijiji kizima kifungwe kwa wizi wa marashi, na mifugo yake. Askari waliishiwa kamba walipofika kwa kuku.

Kule kilimani mgeni wa kwanza, liwali mmoja mnene aliyesafiri siku mbili, alikuwa ameshashika birika mbele ya mlango wa kwanza. Alikuwa anangoja Sultani ainue mkono tu, choo kizinduliwe. Uso wake ulionyesha kwamba hatangoja sana. Mashavu akamwona. Akajua yule akiingia, kisima kimekwisha. Akasogea mbele, mikono imefungwa, mtoto yuko mgongoni anatafuna ncha ya kamba.

"Maulana, tumeiba lini?"

"Mtajua wenyewe. Marashi yangu yamo miilini mwenu."

"Na kabla hayajaingia miilini mwetu yalikuwa wapi?"

"Shimoni. Kina cha watu watatu, na askari kumi juu yake usiku na mchana."

"Askari hao walilala?"

Jemadari aliwahi kujibu kabla ya bwana wake, kwamba hakuna aliyesinzia hata kidogo. Alikuwa anaipenda shingo yake.

"Basi, Maulana, mambo ni mawili," akasema Mashavu. "Ama askari wako ni wezi wenzetu, utufunge nao, ubaki huna wa kukushikia farasi. Ama marashi yalitoka yenyewe, yakapita chini kwa chini, yakaingia kisimani, nasi tukayanywa."

Maji yakatekwa, bakuli likajazwa. Sultani akanusa. Akanywa funda moja, akajisahau, akanywa la pili. Waziri mmoja akasema huenda kisima kile kilikuwa cha waridi tangu zamani, ila watu hawakuwa na pua. Hakuna aliyempigia makofi.

Lakini Sultani ni Sultani. Akajinyoosha.

"Haya, yametoka. Hayo ni marashi ya kifalme, yana heshima yake, huenda yanakotaka. Ruhusa nimeyapa mimi. Kinyesi ni kitu duni. Kitakaa pale nitakapokiweka."

Makofi yakarudi. Sultani akaagiza watu wafunguliwe, iwe ndiyo sadaka ya harusi. Akaanza kuinua mkono. Liwali akainua mguu.

"Nimekubali, Maulana," akasema Mashavu. "Nina swali moja. Marashi ndiyo mkubwa, na kinyesi kiko chini yake?"

"Ndivyo."

"Na wewe mkubwa wetu ukisafiri, wa chini yako hukutangulia?"

"Nani anitangulie? Mimi huwa mbele. Wengine wote hunifuata nyuma, kwa njia ileile ninayopita."

"Basi mkubwa ameshafika kwetu tangu jana. Tumempokea, na bakuli lake hilo umelishika mkononi. Tuambie tu, Maulana, anayekuja nyuma yake ni nani."