Chura Mwenye Mgongo wa Fenesi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia kuna watu.

Zamani za kale, zamani zile ambazo kila kiumbe alikuwa na mdomo na hakuna aliyejua kuufunga, palikuwa na chura mmoja jike, jina lake Mwanapili. Aliishi ukingoni mwa bonde la mpunga pamoja na shangazi yake, Bi Mize, chura mkongwe mwenye sauti ya ngoma iliyopasuka. Mwanapili alikuwa na afya, alikuwa na miguu ya kuruka, alikuwa na nzi wa kumtosha. Ila mgongo wake ulikuwa vipele, vipele, vipele, kutoka kichwani mpaka kiunoni.

Mama yake alikuwa navyo, bibi yake alikuwa navyo. Na ndani ya vipele vile mlikuwa na maziwa meupe, machungu kuliko shubiri. Nyoka wote wa bonde waliyajua. Nyoka aliyemtia mdomoni chura wa ukoo ule alimtema hapo hapo, akalala siku tatu ulimi nje. Kwa hiyo Mwanapili alikuwa akipita mbele ya nyoka kama anayepita mbele ya gogo. Kwa nini haliwi, hakuwahi kujiuliza.

Siku moja kukawa na harusi kule migombani, kwa wale vyura wadogo wa kijani wenye ngozi nyororo. Mwanapili akaenda, akakaa mkekani na wenzake. Bibi harusi akamtazama, akamtazama tena, akamtazama mara ya tatu, akasema kwa sauti, "Jamani, nani ameleta fenesi?"

Watu wakacheka mpaka vigelegele vikakatika. Mwanapili hakungoja pilau.

Njiani akamkuta Bi Nyoka amejianika juu ya lundo la makumbi ya nazi. Ngozi yake inameta, inateleza, inang'aa, kama sahani iliyosuguliwa kwa jivu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuliza?"

"Harusini wameniita fenesi."

Bi Nyoka, ambaye tumbo lake lilikuwa na siku tisa halijaona kitu, akamtazama juu mpaka chini. "Pole," akasema. "Lakini uongo hawakusema."

Mwanapili akazidi kulia. "Bibi, wewe unapaka nini?"

"Mambo haya hafundishwi kila mtu. Ila wewe nimekupenda, nitakuwa somo wako, kungwi wako. Bibi harusi si huwekwa ndani siku saba akisingwa manukato? Na wewe jiweke ndani siku saba. Asubuhi osha. Mchana sugua. Jioni paka. Ukiruka siku moja, usinijie hapa."

"Nisugue kwa nini, somo?"

"Jani la msasa."

"Mbona wenzangu husuguliwa kwa liwa na dalia?"

"Wenzako wana migongo. Wewe una fenesi. Msasa!"

"Na vile vimaziwa vikitoka?"

"Huo ndio uchafu wenyewe. Utoe wote, lisibaki tone. Ila," Bi Nyoka akajivuta nyuma kidogo, "usiutolee hapa. Ukimaliza, jipake mafuta ya nazi. Mengi."

Basi Mwanapili akaanza. Asubuhi akaosha, mchana akasugua, jioni akapaka. Msasa ukamkwaruza, maziwa yakamtoka, machozi yakamtoka, naye akajiambia mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kweli aliinama. Hakutazama tu ni nani aliyelala uvunguni.

Siku ya tatu akaenda kwa somo wake. Bi Nyoka akatoa ulimi, akamlamba mgongo. Uso ukamkunjika kama aliyetafuna ndimu mbovu.

"Bado," akasema. "Rudi ukasugue."

Siku ya nne Bi Mize akaingia chumbani, akamkuta mpwa wake amekaa mbele ya kifuu cha mafuta.

"Mwanapili, unanuka wali wa nazi."

"Ni urembo, shangazi."

"Chura anajipaka mafuta? Sisi maji tunayanywa kwa ngozi. Wewe ngozi umeiziba, utakunywa kwa wapi, kwa masikio?"

"Somo wangu anasema nitazoea."

"Somo wako nani?"

"Bi Nyoka."

Bi Mize akashusha sauti. Si kawaida yake. Akauliza taratibu, "Huyo somo wako, yeye anakula nini?"

"Sikumuuliza anachokula. Nilimuuliza anachopaka."

"Mwanangu, vipele hivyo ndivyo boma letu. Mama yako aliingia mdomoni mwa nyoka akatoka na miguu yake yote minne. Unadhani alitolewa kwa uzuri wake?"

"Shangazi, una wivu. Umezeeka na mgongo wako huo, unataka na mimi nizeeke nao."

"Nimezeeka," akasema Bi Mize. "Lisikie vizuri neno hilo. Nimezeeka." Akatoka zake, na mlango hakuufunga.

Siku ya tano Mwanapili akaenda tena. Safari hii hakuruka, alitambaa, maana miguu ilikuwa imeisha nguvu. Bi Nyoka akamlamba. Ulimi ukamfa ganzi kidogo, kidogo tu.

"Umekaribia. Nyuma ya macho kumebaki. Nenda kapasugue."

"Somo, naona kiu."

"Kiu ni dalili nzuri. Ngozi inakaza."

Akarudi. Akaosha, akasugua, akapaka.

Siku ya saba akajitazama majini. Mgongo laini, kama yai la kuchemsha lililomenywa. Nami sitamsingizia maiti: alikuwa mzuri. Akajikokota akapitia migombani makusudi. Yule bibi harusi akamwona, akauliza, "Nani yule?" Hakuna aliyejua, na hakuna aliyecheka. Mwanapili akaona dunia nzima imekuwa yake.

Akafika kwenye makumbi. Bi Nyoka akamlamba mara moja. Akamlamba mara ya pili. Mara ya tatu akafumba macho.

"Tayari," akasema.

"Kweli, somo? Sasa kumebaki nini?"

"Kimoja tu. Kufukizwa. Fumba macho, mwanangu."

Mwanapili akafumba. Bi Nyoka akafumbua, mdomo lakini. Kichwa kikapita, mgongo ukapita, miguu ikapita, bila kukwama mahali. Mafuta ya nazi si mchezo.

Kutoka tumboni ikasikika sauti. "Somo, mbona giza?"

"Hufukizwa gizani, mwanangu."

"Somo, mbona joto?"

"Ndio mvuke wenyewe."

"Somo, mbona kunabana?"

"Ngozi inakaza."

Swali la nne halikuja.

Kesho yake asubuhi, Bi Nyoka amejianika pale pale. Ngozi inameta, inateleza, inang'aa kuliko jana. Wakaja wasichana watatu wa ukoo wa Mwanapili, vipele mgongoni kama kawaida ya kwao, wametumwa na Bi Mize.

"Shikamoo, bibi. Tunamtafuta Mwanapili."

"Marahaba. Alikuja jana. Alikuwa amependeza, msiulize."

Wale wasichana wakatazamana. Walichotumwa kikawatoka kichwani. Mkubwa wao akasogea. "Bibi, na wewe leo umezidi. Tuambie, unapaka nini?"

"Mimi, wanangu?" Bi Nyoka akapiga mwayo, jua likamwingia mpaka kooni. "Mimi sipaki kitu. Nakula vizuri tu."

Wakaaga, wakaondoka. Walipofika mbali kidogo, yule mkubwa akawavuta wenzake karibu.

"Huyu anatuficha," akasema. "Mimi nilimwona Mwanapili kwa macho yangu. Alikuwa akitumia msasa."

Kufika adhuhuri, bonde zima halikuwa na jani la msasa lililobaki mtini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyokuingia ikae, isiyokuingia, mpelekee jirani.