Mbega Aliyewanyima Wenyeji wa Tumbo Lake

Paukwa!

— Pakawa!

Sogeeni. Anayetafuna atafune kimya, maana hadithi yenyewe ni ya tumbo.

Hapo zamani za kale, msituni aliishi mbega kijana aitwaye Kishungi, na mama yake, Bi Masuke. Mbega hula majani. Tumboni mwao wamo wenyeji wadogo wadogo, hawaonekani kwa macho, ambao kazi yao ni kuyalainisha majani hayo. Mbega huwalisha, nao humlisha.

Kishungi alipobaleghe, majani yakamtia kinyaa. Akamfuata rafiki yake Tumbili mjini. Tumbili huyo alizaliwa nyuma ya hoteli, na tumbo lake lilikulia makombo.

Siku ya kwanza wakaiba maandazi. Kishungi akala. Wenyeji wakaimba tumboni:

"Majani, Kishungi, majani,
Tumelala njaa nyumbani."

"Kelele! Mna ushamba nyinyi," akasema.

Siku ya pili wakaiba maembe mabivu. Akala. Wenyeji wakaimba tena, sauti imefifia.

"Kelele!"

Siku ya tatu wakaiba halua. Akala mpaka akalamba vidole. Wimbo hakuusikia. Akafurahi, maskini, akadhani ameshinda! Kumbe wenyeji wengi walikuwa wamekufa, na waliobaki hawakuwa na nguvu za kuimba.

Jioni tumbo likavimba kama ngoma. Tumbili akashangaa, "Mbona mimi nimekula hayo hayo, nami ni mzima?" Akakimbia msituni. "Mama Kishungi, njoo, mwanao anakufa!"

Bi Masuke akaja mbio. Akaokota mkaa majikoni mwa watu, kama mbega wafanyavyo tumbo likichafuka, akamtafunisha. Kisha akamrudisha nyumbani, akampa jani changa. Kishungi akalitapika. Akampa jingine. Akalitapika. Mama akageuka pembeni, akalia.

Akampa la tatu, likakaa. Wakaendelea hivyo, jani moja moja, hata asubuhi moja Kishungi akasema, "Mama, nina njaa. Nataka majani."

Bi Masuke akacheka huku machozi yanamtoka. "Wenyeji hao hukuzaliwa nao, mwanangu. Nilikupa mimi, nami nilipewa na bibi yako. Kidogo tu ungewaua wote, na wanao ungewapa nini?"

Kishungi akainama. Akachuma jani jingine, akalitafuna taratibu.

Basi, enyi vijana, mjini nendeni, siwakatazi. Lakini miguu huhama kwa siku moja, tumbo huhama polepole. Msikidharau chakula kilichowalea.

Hadithi yangu imekwisha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, itafuneni vivyo hivyo.