Gari la Sultani Laenda Jela

Palikuwa na Sultani wa pwani, Sultani Ghalibu, aliyekuwa na kila kitu ila mtu wa kumwambia hapana. Alikuwa na gari la mashindano la zamani, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa. Siku moja akaletewa kabureta mpya mbili kutoka ng'ambo, vile vyombo vya kuchanganyia petroli na hewa, zinang'aa kama sufuria za harusi. Mafundi wakanyoosha mikono kuzipokea. Sultani akawaambia wakae chini. Akavua joho, akakunja mikono ya kanzu, akazipachika mwenyewe, huku mawaziri wakipiga makofi kila nati ilipozunguka. Nati ilipoanguka, walipiga makofi pia.

Wenzangu, gari likawashwa. Likakohoa. Likatema moshi mweusi, likaruka mara mbili, likazima.

"Ni petroli," akasema waziri. Petroli ikamwagwa, ikatiwa nyingine. Likakohoa.

"Ni plagi." Plagi zikabadilishwa. Likakohoa.

"Basi ni husuda," akamalizia waziri, kwa kuwa vya kubadilisha vilikwisha. Gari likafukizwa ubani. Likakohoa, ila sasa lilinukia vizuri.

Hapo Sultani akatoa amri. "Fundi yeyote aje alitengeneze. Lakini atakayesema kabureta zangu zina kosa, jela!"

Yaani tafuta sindano iliyopotea sebuleni, ila sebuleni usiingie. Mafundi wakaja mmoja mmoja. Kila mmoja aliinamia injini, akasikiliza, akasema alichokisikia, akaenda jela. Wa mwisho alikuwa Fundi Vuai, mtu asiyejua kusema uongo hata wa adabu, na mkewe alikuwa akimlaumu kwa hilo tangu walipooana.

"Maulana," alisema Vuai, "kabureta hazijakaa sawa. Zinavuta hewa pembeni. Tena moja inakunywa petroli, nyingine inatazama."

Akatiwa pingu kabla hajafuta mikono.

Mkewe aliitwa Bi Mize. Jela ya mji ule haikulisha mtu. Mfungwa alikula alicholetewa na jamaa zake. Basi kila adhuhuri Bi Mize alijitwika chungu cha wali, wa mumewe na wa mafundi wengine wasio na wake. Shingo ilimuuma. Na kusema kweli alimpenda mumewe, na nyumba bila yeye ilikuwa kimya kisichokalika. Siku ya baraza akaenda moja kwa moja mbele ya Sultani.

"Umekuja kumwombea mumeo?" akauliza Sultani.

"La, Maulana. Nimekuja kushitaki."

"Unamshitaki nani?"

"Gari lako."

Mawaziri wakacheka. Sultani akawanyamazisha kwa mkono. "Limekukosea nini?"

"Mimi? Hata. Linakukosea wewe. Mume wangu alizisema kabureta zako mara moja tu, tena kwa heshima. Gari linazisema kila likiwashwa, hadharani, kwa sauti ya juu. Mume wangu yumo ndani, lenyewe liko kivulini linapanguswa vumbi. Ndiyo haki hiyo?"

"Gari halisemi, mwanamke!"

"Liwashe."

Likawashwa. Kho! Kho! Kho! Watu wote barazani wakatazama vidole vya miguu yao.

"Kama linasema kweli, Maulana, mume wangu atoke," akasema Bi Mize. "Kama linasema uongo, basi ni mchongezi, nalo liingie. Chagua wewe. Mimi mke wa fundi tu, nijue nini?"

Sultani akawatazama mawaziri. Mawaziri wakatazama dari. Damu ikampanda.

"Lifungwe! Lisukumwe jela sasa hivi!"

Mkuu wa jela akainua kidole. "Na mito yake, Maulana? Na bendera?"

"Gari na kila kilichomo ndani yake! Leo na siku yoyote litakapokohoa!"

Mpiga mbiu akaizungusha amri hiyo mji mzima, na gari likasukumwa mpaka uani kwa jela, likaachwa katikati ya mafundi wote wa nchi, watu wasio na kazi ya kufanya. Chungu cha Bi Mize siku ile kilikuwa kizito kidogo. Chini ya wali mlikuwa na spana. Mkuu wa jela akala fungu lake la juujuu, akashiba, akalala.

Haikupita juma, Sultani akachoka kutembea kwa miguu. Akaja mwenyewe jela kuona kama mkosaji ametubu. Akaketi kwenye usukani, akawasha. Gari likanguruma laini. Akakanyaga mafuta, likaitika. Hakuna moshi, hakuna kikohozi.

"Nani amegusa kabureta zangu?"

Mafundi wakawa wanatazama kunguru. Bi Mize alikuwa ndiyo kwanza anaingia, chungu kichwani.

"Jela, Maulana," akajibu. "Imelitia adabu."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Mnaona? Kabureta hazikuwa na kosa, gari ndilo lililokosa malezi! Jela yangu ni fundi kuliko mafundi wote. Basi Vuai na wenzake wabaki humu humu, nao wanyooke."

Fundi Vuai akafumba macho. Bi Mize alimtazama mumewe, akatua chungu taratibu, akashika upawa.

"Wabaki, Maulana, amri ni yako. Ila gari ni zee, na mafundi wake wote unawaacha humu. Litakohoa tena, na siku hiyo wewe utakuwa umekaa papo hapo ulipokaa. Na mbiu imeshalia: gari na kila kilichomo." Akafunua chungu. "Sasa niambie mapema, nijue kupika: wewe unakula pilipili?"