Mama Aliyengoja Nje ya Kanisa

Ndugu zangu, nisikilizeni. Na ninyi wa viti vya nyuma mnaochungulia saa, kisa hiki ni chenu hasa.

Bwana mmoja alimpeleka mama yake kwenye kanisa la kale katika mji mmoja wa pwani. Kanisa lenyewe si mchezo. Wajuzi wa majengo huuita ule mtindo wa Baroko: altare imepakwa dhahabu mpaka darini, nguzo zimesokotwa kama kamba, na malaika wa mbao wana mashavu ya watoto walioshiba uji. Mama huyu wa miaka themanini na minne alibatizwa humo, na kwa muda mrefu alikuwa na ombi moja tu, aingie tena kabla hajafa. Siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Saa sita mchana kanisa lingefungwa, mafundi waingie kutengeneza paa, na kazi hiyo ilikuwa ya miaka mitatu.

Walifika saa nne na nusu. Mbele ya mlango mkubwa palikuwa na ngazi ndefu za mawe.

"Nishike mkono tu, mwanangu, nitapanda," mama alisema.

"Mama, ngazi hizi zitakumaliza. Kaa hapa kivulini nikaangalie kwanza palivyo. Nakuja sasa hivi."

Ndani alimkuta msakristani, mtunza kanisa, akamweleza shida yake.

"Mlete kwa mlango wa ubavuni, hauna ngazi hata moja," msakristani akamwambia. "Lakini saa sita nafunga, na ufunguo nawakabidhi mafundi."

"Sawasawa, namleta."

Je, alikwenda kumleta? Alitoa simu! Akapiga picha altare, akapiga mimbari, akapiga malaika mmoja mmoja. Hakutulia. Akiwa upande huu, anahofia kupitwa na ule. Birika la ubatizo alilipiga picha kumi na moja, akalirudia tena kwa sababu ya kivuli. Na yote hayo, jamani, alikuwa akimfanyia mama yake. Saa tano ikapita, yeye bado anapanda roshani ya kwaya.

Saa sita ilipokaribia alitoka mbio, jasho linamtiririka.

"Mama, muda umetubana, lakini usijali. Nimekuletea kanisa zima hapa!"

Mama akaipokea simu, akaipapasa, akaishika kichwa chini miguu juu.

"Birika liko wapi?"

"Hilo hapo, umeliwekea kidole."

"Mwanangu, hiki ni kioo. Mimi nilitaka kulishika lile jiwe nililobatiziwa. Macho yangu hayaoni tangu Kwaresima ya mwaka juzi."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila ukija nyumbani unakunywa chai umesimama, funguo za gari mkononi."

Bwana yule akamshika mama mkono, wakajikongoja mpaka mlango wa ubavuni. Umefungwa. Akagonga, akaita, akagonga tena. Msakristani alikuwa ameshakabidhi ufunguo na kwenda zake. Mama akaupapasa ule mlango kwa kiganja, akafanya ishara ya msalaba, akasema warudi nyumbani.

Ndugu zangu, bwana yule angekuwa mtoto mbaya, kisa hiki kisingenisumbua. Lakini alimpenda mama yake, na hilo ndilo linalonitia hofu. Sisi nasi si ndio hao? Tunatuma zawadi, tunapiga simu ya dakika moja, tunahangaika huku na huku kwa ajili ya watu wetu, wala hatujui macho yao yalizimika lini. Hata Mungu tunamfanyia hivyohivyo. Tunamsomea maombi upesiupesi, na kabla ya amina kutoka kinywani tumeshafika mlangoni.

Nani kati yenu anaweza kusimama sasa hivi anieleze mama yake anaumwa wapi? Au baba yake, au mke anayelala naye kitanda kimoja? Mbona mmeinama? Mimi niliye mimbarani siwezi. Mama yangu yu hai, na nimeandika mahubiri haya kwa aibu.

Basi leo matangazo hatusomi. Nendeni nyumbani. Mkifika, vuteni kiti mkae.