Kitanda cha Bi Sikudhani

Msicheke. Nimesema msicheke! Kikoi hiki nimekifunga Lamu, hakikuanguka. Nimekifunga Moroni, hakikuanguka. Kimekuja kuanguka hapa uani kwenu, mbele ya mama mkwe! Sasa siri yangu mmeijua: kaptula nimeitia kiraka cha gunia la unga. Mama, ahsante kwa hiyo kamba. Nimefungwa kama mzigo wa kuni, naweza kuanza.

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa na nini?

"Pakawa na wewe na kiraka chako!"

Haya. Mwenye sikio alilete, asiye nalo aazime kwa jirani.

Hapo kale palikuwa na mji wenye kisima kimoja. Kirefu! Ukitupa kokoto, unasalimiana na watu watatu ndipo usikie chubwi.

Mji ule ulikuwa na mashujaa watatu. Wa kwanza aliua chui. Wa pili aliangusha wanamieleka. Wa tatu alitembea nchi saba akasimulia kumi na nne. Huyo wa tatu simcheki, ni ndugu yangu.

Na palikuwa na Bi Sikudhani, mjane, msokota kamba. Alifukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni yaoze, akayafukua, akayaponda, akasokota. Kamba ya kisima ikichoka, alfajiri yeye huenda akafunga mpya. Hakumwambia mtu. Watu waliteka maji wakaenda zao. Walilolijua ni moja tu: mashimo yake ya makumbi yananuka.

Sikukuu ya mwaka ikakaribia. Sultani akataka kumkalisha shujaa wa mji kwenye kiti cha pembe za ndovu mbele ya wageni. Waziri akaziba pua.

"Wageni watanusa nini? Mashimo yafukiwe! Na yule bibi, siku ya sikukuu, kabla jua halijasimama utosini, awe ameshatoka mjini."

Mashimo yakafukiwa. Kamba mpya ikakosekana.

Sasa, mila ya mji ilikuwa hivi: siku ya mwaka kisima huzolewa tope, na Sultani mwenyewe huteremshwa kwa kamba ya kisima, ndani ya kapu, akachota tope la kwanza kwa mikono yake. Bi Sikudhani akaingiwa na hofu. Akaenda kwa shujaa wa kwanza.

"Baba, kamba ya kisima imechoka."

"Niondokee, unanuka!"

Akaenda kwa wa pili.

"Baba, kamba ya kisima imechoka."

"Niondokee, unanuka!"

Akaenda kwa wa tatu. Akajibiwaje?

"Niondokee, unanuka!"

Mabaya mnajifunza upesi, nyie!

Siku ikafika. Ngoma, vigelegele. Sultani kapuni, huyo, anashuka. Kamba ikalia krii. Ikalia krii. Ikalia krii, ikakatika! Chubwi!

Maji kifuani, tope magotini, na tope linavuta. "Nitoeni! Nazama!"

"Mashujaa!" waziri akapiga ukelele.

Wa kwanza akachungulia. "Chui yumo? Mimi kazi yangu chui."

Wa pili akasema, "Mimi namwangusha mtu. Huyu kashaanguka."

Wa tatu akasema, "Nchi ya saba niliona kisima kirefu kuliko hiki..."

Bi Sikudhani alikuwa amefika lango la mji, kitanda chake cha kamba kichwani, mali yake yote. Akasikia ukelele. Mimi ningeongeza mwendo. Yeye akageuka.

Akakibwaga kitanda kando ya kisima. Akaifungua kamba yake, tundu kwa tundu, akaikunja mara tatu, akaisokota iwe nene, akamshushia Sultani ncha moja.

Waziri akauliza, "Bibi, leo utalala wapi?"

"Shika ncha hii, acha maswali."

Wakashika: muuza maandazi, dobi, mchunga punda, na waziri na kilemba chake. Nisaidieni!

"Vuta!"

Kikaonekana kilemba, cheusi kwa tope.

"Vuta!"

Yakaonekana macho, mekundu.

"Vuta!"

Akatoka mzima mzima, anatweta kama jogoo aliyenyeshewa.

"Bibi," akasema Sultani, akiitazama kamba yenye msokoto uleule wa ile ya kisima, "kumbe ni wewe unayetufungia kamba? Tangu lini?"

"Tangu wewe hujaota ndevu."

Sultani akainama. Usione vyaelea, vimeundwa. Akasema, "Hutoki mjini. Mashimo yafukuliwe, na atakayefukua ni waziri. Nawe njoo, mama, ukae kwenye kiti cha shujaa."

"Sina nafasi ya kukaa. Nina kitanda cha kuwamba. Na wewe sogea hapo, watu wanataka maji."

Ngano yangu imefika ukingoni mwa kisima. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nitupieni mimi na kiraka changu. Na wewe, mama mkwe, uliyenisitiri leo mbele ya ukoo mzima, simama watu wakuone! Shujaa wetu...

"Imekwisha?"

Imekwisha, mama.

"Basi nipe kamba yangu, mbuzi anamaliza mihogo."